Mjomba Aliposhika Ukuta wa Gede

Miaka 6 iliyopita niliandika makala kuhusu Gede bila kukanyaga Gede. Naona haya kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa Nairobi, mhariri alitaka maneno 800 kabla ya saa kumi jioni, na mimi nilikuwa na picha nzuri za magofu, simu, na intaneti. Nikaipa makala ile kichwa ambacho waandishi wengi walikuwa wamekitumia kabla yangu: mji wa ajabu uliopotea msituni. Ilisomwa sana. Mhariri akafurahi, nikafurahi.

Wiki ile ile mjomba wangu, kaka yake mama, akasomewa makala hiyo na mjukuu wake kwenye simu. Mjomba anaishi kama kilomita 3 kutoka kwenye magofu hayo. Amezaliwa hapo, ameoa hapo, na ukimwuliza atakwambia hapo hapo ndipo atakapozikwa. Akanipigia. Baada ya salamu zote, za mama, za kazi, za mvua, akasema, "Mwanangu, umeandika kwamba watu wa mji ule walipotea. Walipotelea wapi?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Ni namna ya kusema tu, Mjomba."

Akanyamaza kidogo. "Haya," akasema. Ile "haya" ya mtu mzima aliyeamua kutobishana na mtoto.

Makala bado iko mtandaoni. Swali nalo lilibaki, ila lenyewe lilikaa kwangu.

Desemba iliyopita nilipokwenda kuwaona, nilimkuta Mjomba jicho la kushoto limefunikwa na mtoto wa jicho, na la kulia limeanza kuingia ukungu. Hospitali walikuwa wamempangia upasuaji na alikuwa anauogopa, ingawa hakusema hivyo. Alichosema, tukiwa tumekaa uani baada ya chakula cha usiku, ni hiki: "Nataka kuingia Gede kabla hili la pili halijafunga."

"Kwani hujawahi kuingia?"

"Nikaingie kufanya nini? Hakuna aliyeniita."

Mjomba ni fundi mwashi. Kwa zaidi ya miaka 40 amejenga kwa mawe kutoka Watamu hadi Malindi: madarasa, misikiti miwili, kanisa moja, na zaidi ya yote kuta za kuzungushia nyumba za wageni kando ya bahari. Ukuta futi 8, juu vigae vya chupa, geti la chuma. Kazi ikiisha fundi analipwa, anatoka, geti linafungwa. Aliwahi kurudi kwenye nyumba moja kudai salio lake, askari wa getini akamwambia hana ruhusa ya kuingia. "Nikamwambia, huo ukuta ulioegemea nimeujenga mimi," alinisimulia huku akicheka. "Akanijibu, basi unajua hauna tundu."

Nilitafuta mtu wa kututembeza sisi wawili tu. Sikutaka kuchanganywa na kundi la watu 20 wanaokimbizana na basi lao. Nilitaka mtu asiye na haraka, anayejua Kigiriama, na anayeweza kuvumilia mzee anayesimama kila hatua 10. Nikapewa namba ya kijana mmoja wa hapo hapo. Tukakubaliana bei ambayo, nikiri, niliiona kubwa kwa saa 3 za kutembea msituni. Jioni ya siku ile nilimwongezea bila kuombwa.

Haikuwa mara yangu ya kwanza kumlipa mtu anitembeze ndani ya kuta. Niliwahi kutumwa Ethiopia kikazi, nikajiibia siku 2 za kwenda Harar. Mji mkongwe wa Harar, wenyewe wanauita Jugol, bado umezungukwa na ukuta wake wa karne ya 16, ule ambao sifa ya kuujenga anapewa Amiri Nur. Ndani ya ukuta huo kuna misikiti 82 na vichochoro vyembamba ambavyo wawili mkipishana lazima mmoja ajibane ukutani. Chini ya ukuta kuna matundu ya kupitia fisi, waingie usiku wale mabaki, watoke. Mwenyeji wangu pale alitembea kama mtu aliye nyumbani. Alisalimia huku, akaonja kahawa kule, akamkaripia mtoto wa jirani aliyekuwa anarusha mawe. Maelezo yake yalikuwa machache, kwa sababu mji wenyewe ulikuwa unapika, unafua na unagombana mbele yetu.

Nilikwenda Gede na kipimo hicho kichwani. Nilijua kwamba Gede hakuna wa kusalimia.

Tuliingia saa mbili asubuhi. Tikiti za wananchi, hatua chache, na joto likabadilika. Msitu wa Gede una ubaridi wake, hata mwezi wa Desemba. Mibuyu, mizizi iliyokumbatia kuta kama vidole, kima wamekaa juu ya mawe wanatutazama kwa dharau. Mjomba alikuwa amevaa shati lake la kwendea harusini.

Kiongozi wetu alianza na kaburi, lile lililochongwa tarehe: mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Alieleza kwamba tarehe hiyo moja ni mali kubwa kwa wataalamu, kwa sababu mawe mengine yote ya hapo hayasemi umri wao. Mjomba akanyosha mkono. Kijana akaanza, "Mzee, kwa kawaida huwa naomba watu wasi..." kisha akamtazama macho. Akasita. "Gusa, baba. Pole pole tu."

Basi kuanzia hapo matembezi yakawa ya namna mbili kwa wakati mmoja. Kijana alieleza kwa mdomo, Mjomba akasoma kwa mkono.

"Hii chokaa imechomwa ikaiva," alisema. Akatueleza, kwa sababu sisi wawili tulikuwa hatujui, jinsi chokaa inavyotengenezwa: unapanga magogo kwa duara, unayapandisha, unaweka mawe ya matumbawe juu, unawasha, unaliacha tanuri liwake mpaka mawe yageuke meupe na mepesi. Kisha unayamwagia maji, yanachemka yenyewe bila moto, yanavunjika kuwa unga. Ukifanya haraka, ndani yanabaki mabichi, na ukuta wako utatoka vipele. "Hapa hakuna kipele," akasema akipitisha kiganja. "Huyu hakuwa na haraka. Au alikuwa na msimamizi mkali."

Kijana alitoa daftari, akaandika. Nikaona aibu kidogo, maana langu lilikuwa bado mfukoni.

Kwenye Msikiti Mkuu, Mjomba alivua viatu. Yeye ni mtu wa kanisa, na msikiti ule hauna paa wala mkeka, una majani makavu na jua. Lakini alivua tu, akaviweka pembeni sawasawa kama mtu anayejua vitamngojea. Kijana akavua vyake bila neno. Nami nikavua. Tulisimama pekupeku mbele ya kibla, kisha tukaonyeshwa kisima na mahali pa kutawadhia, na umbo la mkuki lililochongwa juu ya mlango mmoja. Kijana akasema mkuki huo umezua maneno mengi. Zamani waliokuja kuandika kuhusu pwani waliona miji kama hii ni ya Waarabu waliohamia. Mkuki ule, vyungu vilivyochimbuliwa, na namna ya kujenga yenyewe vinaonyesha watu wa hapa hapa, Waswahili Waislamu, waliofanya biashara na dunia nzima bila kuacha kuwa wa hapa.

"Na mafundi?" Mjomba akauliza. "Majina yao yapo?"

"Hapana, mzee. Hatuna."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Tukaingia kwenye nyumba. Zimebanana karibu na jumba la kifalme, na kila moja ina jina: Nyumba ya Makasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe. Niliwahi kuyaandika majina hayo kwenye makala yangu, nikidhani ni majina ya kale. Kumbe ni ya wachimbuaji. James Kirkman, aliyechimba Gede kati ya mwaka 1948 na 1958, hakuwa na njia ya kujua nani alikaa wapi, kwa hiyo nyumba zikaitwa kwa vitu vilivyookotwa ndani yake. Mtu aliangusha makasi yake karne 4 au 5 zilizopita, na leo nyumba yake nzima ni makasi. Wake zake, watoto wake, ubaya na wema wake, hakuna. Nilifikiria habari ngapi nimeandika kwa mtindo huo huo: nimefika nimechelewa, nimeokota kitu kimoja chini, nimekifanya kuwa jina la mtu.

Katika chumba kimoja Mjomba alikuta madaka ukutani, akayahesabu kwa vidole. Kisha akasema, kama anayezungumzia hali ya hewa, "Baba alikuwa anabeba mchanga hapa."

Nilisimama. "Baba nani?"

"Baba yangu. Babu yako. Wazungu walipokuwa wanachimba. Alibeba kwa karai, miezi kadhaa. Halafu siku moja hakurudi kazini. Alisema anaota wenye nyumba wanamwuliza anapeleka wapi mchanga wao. Akatukataza watoto wote tusije huku."

Babu alifariki kabla sijazaliwa. Nilijua alilima mnazi na korosho, nilijua alipenda mnazi huo huo ukishakuwa kwenye kata. Hili sikulijua. Nimesomea uandishi wa habari miaka 4, nimewahoji mawaziri, na nilipoandika kuhusu Gede nilinukuu mtu wa Ulaya ambaye sijawahi kumwona.

"Mjomba, mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza," akasema. Bila ukali wowote.

Kijana alicheka kwa heshima, akageuka upande. Alituambia kwamba wazee wengi wa vijiji vya karibu wana hadithi kama hiyo, ya wenye mji wanaolinda mji wao, na kwamba wapo wanaokuja mpaka leo kuomba. Yeye mwenyewe, kila asubuhi akiingia, huwa anabisha hodi. Kimoyomoyo, alisema, wageni wasije wakamwona mwendawazimu.

Sehemu hii ya katikati, penye jumba, Msikiti Mkuu na nyumba za mawe, ilikuwa na ukuta wake wa ndani. Ukiuvuka unatembea kwenye msitu ambao ni kama hauna kitu, mpaka ufike ukuta wa nje, uliozunguka eneo la kama hekta 18. Kundi lililoingia baada yetu liligeukia njia ya kutokea. Mjomba alitaka kuuona wa nje. "Ukuta wa ndani ni wa tajiri," alisema. "Nataka kuona wa wengine."

Kumbe alikuwa amepatia. Kijana alieleza kwamba kati ya kuta hizi 2, hapo tunapokanyaga majani, ndipo walipokaa watu wengi wa mji. Nyumba zao zilikuwa za miti na udongo, na paa za makuti, kwa hiyo hazikuacha gofu la kupigia picha. Tulikuwa tunatembea katikati ya mitaa ya watu bila kuiona. Niliwaza picha zote za Gede nilizowahi kuziona, na zote ni za mawe.

Tulipofika, Mjomba alikaa kwenye kivuli, goti likimsumbua, akaweka kiganja kwenye ukuta wa nje na kuuacha hapo kwa muda mrefu. Nilimwuliza kama ulikuwa ukuta wa vita.

"Sijui vita vyao. Lakini ukuta mrefu hivi unataka watu wengi wa kuulinda. Mimi nimejenga nyingi. Kuta nyingi hazizuii mwizi. Zinasema tu: mimi niko ndani, wewe uko nje." Akatulia. "Na baadaye mwenye nyumba anajenga mwingine tena, ndani ya ule wa kwanza. Hapo ujue hawaamini hata majirani."

Kijana alisema hata wataalamu wamejadiliana kuhusu hilo, kuta za kinga na kuta za heshima. Kisha, kwa sababu tulikuwa tumekaa na maji tulikuwa nayo, nikauliza lile swali. Niliuliza kwa sauti, Mjomba asikie. Walipotelea wapi?

Alijibu taratibu. Hakuna jibu moja. Visima vya Gede ni virefu, na wapo wanaosema maji yalizidi kushuka. Mwaka 1589 Wazimba walipita pwani hii wakiharibu. Mwaka 1593 Wareno walihamishia nguvu zao Mombasa, na mtawala wa Malindi akahamia huko, kwa hiyo biashara ya upande huu ikapungua. Na kutoka kaskazini Waoromo walikuwa wanashuka. Jina lenyewe, Gede, husemwa ni neno la Kioromo lenye maana ya kitu cha thamani. Watu waliondoka kidogo kidogo, na kufikia katikati ya karne ya 17 mji ulikuwa umebaki mtupu.

Nikakumbuka Harar. Ule ukuta wa Amiri Nur ulijengwa katika zama hizo hizo, na hofu yake ilikuwa hiyo hiyo, ya Waoromo waliokuwa wanapanuka. Miji 2 iliyo mbali sana, na wimbi moja. Mmoja ulifunga malango ukabaki, na leo unapika kahawa. Mwingine ulifungua malango ukaondoka.

Mjomba alikuwa anasikiliza kichwa kimeinama. "Hao Waoromo," akasema, "si ndio waliotutoa sisi Singwaya?"

Kijana akatikisa kichwa kukubali. Ndivyo wazee wa Wamijikenda wanavyosimulia: kwamba walitoka Singwaya, kaskazini, wakikimbia Waoromo, wakaja kujificha kwenye vilima vya pwani hii, ndani ya misitu, katika makaya. Na kaya ni nini? Ni mji wenye boma, ulio na njia zake na malango yake. Kuta zake zilikuwa miti na msitu wenyewe. Makaya hayo yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Gede imeingia mwaka 2024.

"Basi hakuna aliyepotea," akasema Mjomba. "Walihama. Na sisi tulihama. Wao walitoka, sisi tukaja. Huenda tulipishana njiani."

Kima mmoja alirukia ukuta, akatembea juu yake kama mwenye hati ya kumiliki. Hakuna aliyeongeza neno. Nilitoa daftari langu sasa, nikaandika hilo la kupishana njiani. Ni sentensi moja, lakini inashinda maneno yangu yote 800.

Tukirudi, tukapitia makumbusho madogo. Vipande vya bakuli za Kichina, shanga, vyungu. Mjomba aliweka uso karibu na kioo, jicho la kulia likitafuta, kisha akaniomba nimwambie kilichomo. Nikamwambia, kimoja kimoja. Alitaka kujua kama kuna mwiko wa fundi. Nilitafuta. Sikuuona.

"Basi angalau wangeita moja Nyumba ya Mwiko," akasema. Kijana akacheka mpaka akashika tumbo, kwa sababu kwa Kiswahili jina hilo linaweza pia kuwa la nyumba isiyoingiwa. Mjomba alijua anachosema. Huyu ni mtu aliyekatazwa mahali hapa na baba yake miaka 60 na ushee.

Niliporudi Nairobi nilimwandikia mhariri wangu wa zamani, nikimwomba abadilishe neno moja tu kwenye kichwa cha ile makala. Uliopotea uwe uliohamwa. Alinijibu kwa upole kwamba makala ni ya zamani, hakuna anayelalamika, na "uliopotea" ndilo neno ambalo watu hulitafuta. Simlaumu. Mimi ndiye niliyemuuzia. Kwa hiyo nimeandika hii, na hii nimeiandika nikiwa nimekanyaga.

Mjomba amefanyiwa jicho la kushoto mwezi wa tatu. Alipotolewa bandeji alinipigia mwenyewe, hakumpa mjukuu simu. Anaona. Alinihesabia vitu alivyoviona tangu asubuhi: jogoo, nyufa kwenye ukuta wa jirani, mvi za mkewe, ambazo anasema hakujua zimefika kote huko. Kisha akauliza kama nina nafasi Pasaka.

"Yule kijana namba yake unayo bado? Nataka turudi. Nataka kuona nilichokishika."